Ngozi ya Cheche

Asubuhi hiyo, mtaani Iftin mjini Garissa, chuma kilikuwa kinakaangwa kama sambusa. Karai la mafuta ya taa liko juu ya meza ya mbao, chuma kimelala chini kimefunikwa na mafuta, na kijiti cha shaba kinakishukia taratibu, taratibu, kama kuku anayetaka kudonoa halafu anaona haya. Hakigusi. Hapo kati, penye nafasi ambayo hata unywele ungepita kwa shida, cheche zinalia trrr, trrr, trrr, na kila zikilia chuma kinapungua. Moshi kidogo, harufu ya taa, na watu wamejaa mpaka mlangoni mwa karakana, maana nani aliwahi kuona kitu kikichimbwa bila kuguswa?

Qali, mke wa Kerrow, alikuwa mbele ya wote, mtandio ameuma kwa meno, moyo unampiga kama bibi harusi. Ana haki. Kile chuma kilikuwa ngamia wake. Si mfano, ni ngamia kweli, wa maziwa, aliyepewa na baba yake, akauzwa ili kinunuliwe kipande cha chuma cha kalibu kutoka Nairobi, kigumu mpaka kinacheka msumeno, pamoja na nyaya na vikorokoro vya ile mashine ya cheche aliyoiunda binti yao Sagal. Huyu Sagal alikuwa amerudi juzijuzi kutoka chuo cha ufundi, kichwa kimejaa umeme. Baba yake ni fundi wa kuchomelea milango na mikokoteni ya punda. Alimsikiliza binti yake jioni moja, akasema huyu mtoto ana wazimu, halafu asubuhi yake akaamka kabla ya wote akaanza kufagia karakana. Ndivyo alivyo Kerrow. Akikubali jambo haongei, anafagia.

Jirani yao Barwaqo, muuza maziwa, alikuwa amejipenyeza na yeye. Ulimi wake hauna breki.

"Qali abaayo, dada yangu," akasema, "hii ngamia yako leo atazaa nini? Misumari?"

"Atazaa hereni," Qali akajibu bila kugeuka. "Kaa hapo karibu. Ya kwanza tutaijaribu kwa sikio lako."

Watu wakacheka, na Barwaqo mwenyewe akacheka kuliko wote, mkono mmoja ameshika sikio.

Hereni zenyewe si za wanawake. Ni vile vibati vya kutia masikioni mwa mbuzi, upande mmoja vina ncha ya kutoboa, ukishatoboa unakunja. Deeq, mfanyabiashara ambaye mbuzi wake wanaletwa kutoka Balambala mpaka mnada wa Garissa, alikuwa amechoka. Mbuzi wanachanganyika njiani, wenye mbuzi wanagombana, na hereni za kuagiza Nairobi zinafika mbuzi wameshaliwa na mifupa imetupwa. Basi akawaambia Kerrow na Qali: nitengenezeeni, nizione masikioni. Zikinifaa, kazi yangu yote ni yenu na wenzangu nitawaleta. Zisiponifaa, mimi narudi Nairobi na nyinyi mrudi kwa milango yenu. Na wale wawili hawakuwa na ngamia mwingine wa kugeuza chuma.

Sasa kalibu ya hereni ni vitu viwili. Kuna jike, ndilo lenye tundu la umbo la hereni. Kuna dume, ndilo linaloingia humo tunduni barabara bila kubanwa wala kucheza. Bati linawekwa katikati, mtu anapiga jeki ya lori, dume linashuka, tak, hereni inadondoka. Yote mawili yanatakiwa yawe ya chuma kigumu sana, na chuma kigumu namna hiyo hakitobolewi na keekee. Kinatobolewa na cheche tu.

Mnada ulikuwa karibu. Kerrow akaongeza moto wa mashine ili kazi iende. Sagal alisema pole pole kwamba cheche zikinenepa zinakula haraka lakini zinaacha uchafu nyuma. Baba yake akasema uchafu si kitu, uchafu unasafishwa. Cheche zikanenepa kweli, mlio ukawa mzito kama mvua ya mawe juu ya mabati, mafuta yakageuka wino, na watu wakarudi nyuma hatua moja wakimtaja Mungu. Kabla ya adhuhuri tundu lilikuwa limetokeza upande wa pili.

Sagal akalitoa, akalipangusa. Ndani ya tundu chuma kilikuwa na rangi yake peke yake, kijivu kinachokaribia weupe, na ukigusa kinakwaruza kidogo kama ganda la yai la kanga. Kerrow akapitisha tupa. Tupa ikateleza kama iko juu ya kioo, haikuacha hata alama. Akaipitisha tena, macho yamemtoka kwa furaha. Fundi gani asiyependa chuma kinachoshinda tupa?

Lakini Sagal alikuwa ameshachukua jiwe la kunolea na kopo la mafuta.

"Hooyo, hiyo ngozi lazima itoke," akamwambia mama yake. "Cheche inayeyusha chuma. Kingine kinaoshwa na mafuta, kingine kinabaki hapo hapo kinaganda kwa ghafla. Hicho kilichoganda ndiyo noma. Ni kigumu, lakini ni cha kuvunjika."

Qali akamshika mkono. Hapa lazima mjue Qali ni nani. Mwanamke huyu, kwa kuchoma vyombo vya mti vya maziwa, hana mwenzake kutoka Iftin mpaka Waberi. Anachukua kijinga cha moto cha mti anaoujua yeye, anakitumbukiza ndani ya chombo, anafunika, anatikisa, anasikiliza, anatoa, anapangusa, anarudia, mpaka chombo kinapata ngozi nyeusi ndani. Maziwa ukiyaweka humo yanakaa, na yananukia mpaka mgeni anasahau njia ya kwao. Na ngozi ile haikwanguliwi. Bibi harusi akikwangua chombo kilichochomwa, mama mkwe analia kama kafiwa.

"Umewahi kuona mimi nakwangua chombo nilichochoma?" Qali akauliza.

"Hapana, hooyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ngozi ya moto ndiyo inalinda maziwa."

"Basi weka jiwe chini."

Sagal akamtazama baba yake. Kerrow akamtazama mke wake, akaitazama tupa, akatazama kile chuma ambacho kilikuwa ngamia wa mtu. Akachukua ufagio.

Jioni hiyo, dume nalo likiwa limeshachongwa kwa moto uleule, walipiga hereni. Wallahi ilikuwa kama arusi. Kerrow kwenye jeki, Sagal anasukuma bati, Qali anaokota, tak, tak, tak, hereni zinang'aa ndani ya beseni kama samaki wadogo, na wanawake mlangoni wanapiga vigelegele kila beseni likijaa. Hakuna aliyeangalia za mwisho. Mtu akishaangalia kumi za kwanza akaziona nzuri, atachungulia za nini tena? Deeq akaja na gunia, mabeseni yakamiminwa humo kuanzia la mwisho lililokuwa karibu, akamsifu Kerrow, akamsifu Sagal, akaondoka. Qali alilala akiwa anaota jina la ngamia mpya.

*

Deeq alirudi baada ya siku chache, na hakuja na gunia. Alikuja na mbuzi nyuma ya pikapu. Hakuingia ndani. Alimfunga yule mbuzi pale nje kwenye nguzo ya geti, mahali ambapo kila anayekwenda dukani na kila anayekwenda msikitini lazima apite, halafu ndipo akabisha.

Salamu alizitoa zote, za asubuhi, za nyumba, za watoto, za mifugo. Hilo ndilo lililomtisha Qali. Mtu mwenye hasira kidogo hufupisha salamu, mwenye hasira nyingi huzirefusha.

"Qali walaal," akasema, akimwita ndugu, "mimi sina maneno. Nimekuletea mgeni."

Sikio la mbuzi lilikuwa limevimba kama kiatu cha mtoto, limepasuka pembeni, nzi wanalinyanyasa. Deeq akatoa hereni mfukoni, akaiweka juu ya ukuta wa geti, taratibu, kama anaweka kitu cha kuvunjika.

"Hereni zenu za juu zilikuwa nzuri. Za chini zina meno. Masikio ya mbuzi wangu wengi iko hivi, na mbuzi wa sikio bovu hakuna mtu ananunua. Huyu mmoja mtibu wewe mwenyewe. Mnada ijayo nitakuja kuangalia. Kama mna kitu, mnionyeshe. Kama hamna, basi sisi tutabaki kwa salamu tu."

Akaenda. Mbuzi akabaki pale getini akilia kwa sauti ya kuitia watu. Wazee waliotoka kuswali alasiri wakasimama, wakamtazama kwa huruma kama wako matangani, mmoja akauliza kwa sauti, hii ndiyo mbuzi ya hereni? Kerrow alikuwa ndani ya karakana anatafuta spana ambayo iko mkononi mwake. Kisha Barwaqo akapita na madumu yake ya maziwa. Qali alimngojea aseme. Alikuwa hata ameshaandaa jibu. Barwaqo akamwona mbuzi, akamwona Qali, akavuta mtandio wake, akapita kimya. Hiyo ndiyo iliyomchoma Qali kuliko mbuzi na wazee wote.

Akaokota ile hereni ukutani, akapitisha dole gumba kwenye ukingo. Damu. Akaenda karakana, akamsukuma Kerrow kando, akatazama lile jike. Ukingo wa tundu ulikuwa umebanduka vipande vipande, kama mkate uliotafunwa na panya. Ile ngozi ngumu iliyoshinda tupa ilikuwa inadondoka yenyewe.

Sagal alisimama nyuma yake. Hakusema, si niliwaambia? Mtoto mzuri yule.

*

Qali hakukubali haraka. Mtu hakubali haraka kitu alichokijua kwa mikono yake tangu utotoni. Alisema chuma cha Nairobi ni kibovu. Alisema mashine haikusomewa dua. Alilichukua lile jike, akalipangusa mafuta, akaliweka juani, akalipangusa tena mpaka kitambaa kikatoka kikavu, halafu akaingia nalo jikoni, maana hakuweza kuvumilia libaki karakana peke yake kama yatima.

Asubuhi iliyofuata alikuwa anapima unga wa anjera, zile chapati laini za asubuhi. Chuma kiko hapo mezani, kimepata joto la jiko. Mkono ukateleza, unga ukamwagika, ukakifunika chote, tundu na ukingo. Akasonya, akaendelea kukoroga, akasema nitapangusa baadaye. Akapika anjera moja, ya pili ikaanza kuungua kwa sababu ya mawazo. Akageuka achukue kitambaa.

Unga ulikuwa umechora.

Kuzunguka tundu lote, juu ya ule weupe, palikuwa na mistari myembamba myeusi, imekatana huku na huku kama matope ya laga, kile kijito cha mvua, maji yakishakauka. Qali akainama akanusa. Mafuta ya taa. Akajiambia, mafuta nilipangusa. Nilipangusa mara ngapi, na jua likapangusa, kitambaa kilitoka kikavu. Haya yametoka wapi? Akasimama na mwiko mkononi, anjera inaungua, na jibu likamjia likitembea kwa miguu yake. Yametoka ndani. Ile ngozi ina nyufa, nyufa zilikunywa mafuta siku ile ya karai, na sasa unga unayafyonza.

Hapo akakumbuka kitu ambacho mama yake alikuwa akikiita chombo cha mwanamke mwenye haraka. Ni kile kilichochomwa kwa moto mkali mara moja, ngozi inakuwa nene, inapasuka, na asubuhi maziwa yana mapande meusi yanaelea. Na hata kile kizuri ni kizuri kwa sababu ni mti. Mti hunywa moshi, ngozi na chombo vinakuwa kitu kimoja. Chuma hakinywi. Ngozi imekaa juu yake kama mgeni asiyejua lugha.

Hakulia. Alicheka. Alitoka jikoni anakimbia, mama mzima, mikono yote unga, akamwita Sagal, akamwita Kerrow, akamwita hata Barwaqo kupitia juu ya ukuta.

"Njoo muone ile ngozi mimi nilikataza itolewe," akasema.

Sagal akainama juu ya meza, pua karibu iguse unga. Akamkumbatia mama yake akamnyanyua juu, mtoto wa watu ana nguvu kama mpagazi. Akasema chuoni walikuwa na dawa ya rangi ya kazi hiyo hiyo, inauzwa kwa chupa, naye alitamani kuiagiza lakini hakuthubutu kuomba. Sasa hawana haja. Kila ukinyunyiza unga utaona kama ngozi imekwisha au bado.

"Mimi ndiyo nilikataza jiwe," Qali akamwambia mumewe.

"Na mimi ndiyo niliongeza moto," Kerrow akasema, na wote wawili wakawa wamelipa.

*

Sasa kazi ikaanza, na safari hii ilikuwa kazi ya upole. Sagal akapunguza moto wa mashine mpaka cheche zikawa ndogo ndogo, hazilii tena trrr, zinanong'ona kama chai inayotaka kuchemka. Hizo zinalamba tu. Zinaondoa ngozi nene na kuacha ngozi nyembamba. Stima ikapotea, wakakaa wanapiga soga, stima ikarudi, wakaendelea. Halafu ile nyembamba haiondolewi na cheche, inaondolewa na mkono.

Mkono ulikuwa wa Qali. Aliomba mwenyewe. Jiwe laini na mafuta, mzunguko uleule wa kiganja anaopangusia vyombo vya maziwa, hauharakishi, haukandamizi. Akichoka Sagal anashika. Kisha wanaosha chuma kwa mafuta mapya, wanakikausha, wanakipasha joto kidogo, wananyunyiza unga, wanangoja. Mara ya kwanza mistari ikaja mingi. Mara ya pili ikapungua. Kila unga ukinyunyizwa wote watatu wanainama juu yake, kama watu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani.

"Hii chuma inakula unga kuliko sisi," Kerrow alinung'unika. "Leo tutakula nini hapa nyumbani?"

Barwaqo akasikia kutoka upande wa pili wa ukuta. Akaja na bakuli la unga wake, akasema ni mkopo, lakini hakuondoka. Akakaa palepale anatazama, na kila mstari ukitokea anausonya kama umemtukana yeye.

Mpaka ukafika wakati unga ukanyunyizwa, wakangoja, ukabaki mweupe. Wakangoja tena, maana mtu aliyeng'atwa na nyoka hushtuka akiona kamba. Mweupe. Barwaqo ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na chuma si chake.

Tundu lilikuwa limepanuka kiasi cha unywele, kwa hiyo Sagal akachonga dume jingine kwenye chuma kilichobaki, kwa cheche zile zile ndogo, nalo likapigwa jiwe, likapimwa kwa unga. Mwisho akaliweka pamoja na jike ndani ya tanuri la mkate wa muufo, moto ukiwa umepoa kiasi, akasema chuma kilichopigwa na radi nyingi namna ile kinataka kupashwa na kuachwa kitulie. Qali hakubisha. Hata mtu akitoka kujifungua hupewa joto.

Walipoanza kupiga jeki, safari hii hakuna aliyeshangilia za kwanza. Waliziweka kando. Wakapiga mpaka bati likakwisha, na ndipo Qali akachukua ile ya mwisho kabisa, akavua mtandio wake wa hariri, ule wa sikukuu, akaupitisha juu ya ukingo wa hereni, pande zote. Hariri ikateleza. Haikushika hata uzi.

Kerrow akatafuta ufagio, akakosa, akafagia kwa mguu.

*

Mnadani vumbi lilikuwa limesimama mpaka juu, mbuzi wanalia, madalali wanapigana vikumbo, na Deeq alikuwa mjanja. Hakuchukua hereni za juu. Alitia mkono ndani ya gunia mpaka begani, akazitoa za chini kabisa. Akatoboa sikio la mbuzi mmoja, akakunja. Mbuzi akatikisa kichwa, akanusa hewa, akaanza kutafuna boksi. Akatoboa wa pili, wa tatu. Watu wakazunguka. Akamshika mmoja sikio, akalivuta kwa nguvu upande ambao hereni ingekata. Haikukata. Akaipitisha kwenye ulimi wake mwenyewe, yule mtu, mbele ya watu, akatema, akacheka.

"Kerrow," akasema, "leta mkono."

Huko kwetu bei ya mnadani haisemwi kwa mdomo. Mnunuzi na muuzaji wanashikana mikono, shuka linatupwa juu, na vidole ndivyo vinavyoongea. Kidole hiki ni kiasi hiki, ukibana mara mbili ni kingine, na waliosimama pembeni wanabaki kusoma nyuso. Sasa Qali hawezi kumshika Deeq mkono, si ndugu yake wa damu. Lakini ngamia alikuwa wake, na unga ulikuwa wake, na yeye anamjua Kerrow. Kerrow ukimsifu kidogo anakupa kitu bure.

Deeq akatupa shuka lake juu ya mkono wa kulia wa Kerrow. Qali akasogea upande wa pili, akauacha mtandio wake uanguke juu ya mkono wa kushoto wa mumewe, akapenyeza vidole vyake humo ndani. Sagal alikuwa nyuma yao, ameuma mdomo asicheke.

Deeq akabana. Kerrow akabana vilevile kushoto, akatazama mbinguni kama anahesabu mawingu. Kushoto Qali akabana jibu lake. Kulia kukajibu. Uso wa Deeq ukakunjamana, akabana tena, kidogo zaidi. Kerrow karibu atabasamu, karibu akubali, maskini, kisha akashtuka kama ameumwa na siafu, na kulia kukajibu vilevile kama mwanzo. Watu wakaanza kunong'onezana. Hawajawahi kumwona Kerrow mgumu namna hii.

"Una nini leo?" Deeq akamuuliza. "Nikikubana, jibu linachelewa."

"Linatoka mbali," Kerrow akasema.

"Wapi?"

"Mkono wa kushoto."

Deeq akainamisha kichwa, akachungulia, akauona mtandio. Akamtazama Qali, na safari hii alimtazama vile mfanyabiashara anavyomtazama mfanyabiashara.

"Basi mwambie huo mkono wa kushoto anipunguzie kidogo," akasema. "Mimi pia niko na watoto."

Chini ya mtandio vidole vikabana mara moja, kwa nguvu, mpaka Kerrow akakunja goti.

"Amekataa," Kerrow akasema.

Deeq akacheka mpaka mbuzi wakageuka, akarudisha mkono chini ya shuka, na akakubali bei.